Ardhi Kwanza, Zimwi Baadaye

Hotuba iliyotolewa jijini Nairobi mbele ya wachongaji, wapaka rangi na wanafunzi wa sanaa

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mlioketi hapa mbele, mafundi wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupaka rangi kijisanamu cha kubuni, yaani kiumbe wa hadithi asiyezidi urefu wa kidole, na juu ya kumtengenezea kiweko chenye mandhari. Aliyeniandikia barua aliyataja mambo hayo kwa mpangilio huo, kijisanamu mwanzo na kiweko mwisho, nami kwa ruhusa yenu nitaupindua. Nimekuja kudai kwamba ardhi anayosimama kiumbe ndiyo inayoamua rangi ya ngozi yake, mahali mwanga unapomwangukia, na hata vumbi lililo kwenye visigino vyake, kwa hiyo si kitu cha kutafutwa kazi ikiwa imekwisha.

Hilo nililijua kwa kukosea. Kijisanamu changu cha kwanza cha maonyesho kilikuwa zimwi mganga, kifua wazi, miguu peku, fimbo mkononi na kibuyu kiunoni. Nilimpaka rangi kwa miezi miwili, kila jioni baada ya kazi, na alipokamilika ndipo nilipojiuliza nimsimamishe wapi. Kwa kuwa picha zote nilizokuwa nikizitazama zilikuwa za mafundi wa Ulaya, nilimtafutia mawe ya kijivu nikamwagia theluji niliyoitengeneza kwa magadi ya kuokea na gundi nyeupe ya mbao. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne, alimzunguka mara mbili akauliza, “Mjomba, huyu hasikii baridi?” Sikuwa na la kumjibu. Baada ya miezi kadhaa magadi yale yakaanza kugeuka manjano, jambo ambalo mafundi wengi wamelikuta na ambalo mimi sikuwa nimelisoma popote, na zimwi wangu akabaki amesimama juu ya kitu kilichofanana na ugali uliolala.

Ni haki kusema kwamba kiweko hakikuzaliwa kwa ajili ya mandhari. Wanajeshi wa kuchezea wa madini ya risasi, ambao kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kuwatengeneza wakiwa na uwazi ndani mwaka 1893, walikuwa na kibati tu chini ya miguu ili wasianguke. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka Marekani mwaka 1974, na kampuni kama Citadel Miniatures ya Uingereza ikaanzishwa mwaka 1979 kuwatengeneza mazimwi na majoka kwa metali laini, kibati kile kiliendelea kuwa kibati, kwa sababu kiumbe alikuwa wa kusogezwa mezani na hakuna aliyetaka abebe kilima chake. Kazi ya maonyesho ndiyo iliyobadilisha mambo, pale watu walipoanza kupaka kijisanamu kimoja kwa ajili ya kutazamwa tu. Wachongaji wetu hawakuwa na shida hiyo tangu mwanzo. Mtazameni tembo wa mti kutoka Wamunyu au kiboko wa mawe ya Kisii kutoka Tabaka: mara nyingi fundi humwachia mnyama sehemu ya gogo au ya jiwe lile lile chini ya miguu, ardhi na mnyama vikawa kitu kimoja. Nadhani tulikuwa na somo hilo nyumbani, tukalifuata ng’ambo.

Sasa niwaeleze kazi hii iliyoko mezani hapa, ambayo ni jaribio langu la pili la zimwi yule yule. Ni kijisanamu cha rezini, yaani plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu, cha milimita 75, kipimo ambacho mafundi wengi wa maonyesho hukipenda, na maana yake ni kwamba mtu wa kimo cha mita 1.8 amepunguzwa mara 24. Hesabu hiyo ya 24 ndiyo ninayoizingatia kuliko kitu kingine chochote. Aliyewahi kusimama kando ya sanamu ya tembo Ahmed katika Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi anajua kwamba ukubwa wa yule tembo wa Marsabit hauusomi kwenye pembe zake peke yake; unausoma kwa mtoto wa shule aliyesimama karibu naye akifika kwenye goti. Kijisanamu hakina mtoto wa shule, kwa hiyo majirani zake ndio wanaotoa ushahidi. Chembe ya mchanga ya milimita 1 ni kokoto ya milimita 24 kwake. Uzi mmoja wa katani, ambao unene wake ni kama sehemu mbili za kumi za milimita, unakuwa jani la nyasi la karibu milimita 5. Ukimwagia kokoto za uani bila kuzichekecha, umemzingira kwa majabali yanayomfika magotini, na zimwi wa kutisha atageuka kidoli.

Niliamua asimame juu ya kichuguu. Sababu ya kwanza ni ya mpangilio tu: kichuguu kinampa kimo bila kupanua kiweko, na kiweko chembamba kilichopanda juu hulazimisha jicho kwenda usoni, ilhali kiwanja kipana hulitawanya. Sababu ya pili ni ya rangi. Zimwi huyu nilitaka awe wa kijani, si kwa kuwa mazimwi wa bibi zetu walikuwa wa kijani, maana hadithi zetu hazisemi walikuwa wa rangi gani, bali kwa kuwa kijani na nyekundu ni rangi zinazokabiliana, kila moja ikiifanya nyenzake iwake zaidi. Kiumbe wa kijani kwenye nyasi za kijani hupotea. Kiumbe huyo huyo kwenye udongo mwekundu unaoupata uani mwako pale Kiambu au Ngong humrukia mtazamaji kutoka upande wa pili wa chumba. Sababu ya tatu ni kwamba nimepita mara nyingi kwenye barabara ya Magadi na ile ya Kajiado, nami nakijua kichuguu kwa macho yangu mwenyewe, jambo ambalo siwezi kusema kuhusu mlima wa theluji.

Kabla ya kukijenga nilikwenda kukitazama upya, na safari hiyo ilinilipa. Mchwa huchimba udongo wa chini na kuupandisha, hivyo kichuguu kinaweza kuwa na rangi tofauti na ardhi inayokizunguka. Pia mahali wanapokarabati baada ya mvua huonekana peusi zaidi, kwa sababu udongo mpya bado una unyevu, na ukiugusa una chembechembe za mviringo zilizobandikwa moja moja, wakati sehemu za zamani zimelainishwa na mvua na kupasuka nyufa za kwenda chini. Kama ningekijenga kwa kukumbuka tu, ningefanya koni moja ya rangi moja.

Mbao ya chini ni kipande cha mvule, sentimita 5 kwa 5, nilichopewa na fundi wa samani wa Ngong Road ambaye alikuwa anakitupa. Nilikipiga msasa kuanzia namba 120 hadi 400, nikakipaka vanishi kwanza, kisha nikazifunika pande zake zote kwa mkanda wa karatasi kabla ya kuweka chochote juu. Watu huacha hatua hii hadi mwisho, halafu hupigana na gundi iliyochuruzika ubavuni. Kiweko ni kama fremu ya picha, na fremu chafu humfanya mtazamaji aanze kutafuta makosa mengine.

Kiini cha kichuguu ni ile sponji ngumu nyeupe inayofungiwa televisheni. Nilichonga cha kwanza vizuri sana, nikakipuliza praima ya magari, ile rangi ya msingi, niliyoinunua Kirinyaga Road, na nikakitazama kikizama chenyewe kama mkate uliotolewa ovenini mapema, kwa maana viyeyushi vilivyo ndani ya rangi za kupuliza huitafuna sponji ya aina hiyo. Cha pili nilikivika kwanza ngozi ya udongo wa epoksi, ule wa vipande viwili unaouzwa kwa kuzibia matangi na mabomba, ambao ukiukanda pamoja unakupa muda wa kutosha kuuchonga kabla haujawa mgumu. Huo ulipokuwa bado laini niliupiga kwa kipande cha foili ya jikoni iliyofinyangwa, nikapata ukwaru wa kawaida wa udongo. Nyufa nilizichora kwa sindano ya kushonea magunia. Na zile chembechembe za ukarabati nilizibandika kwa ncha ya kijiti kilicholowa maji, sehemu moja tu, upande wa kushoto, nusu saa nzima ya kazi ambayo watazamaji wengi hawataiona. Mimi nikiwa na huzuni huenda kuitazama.

Udongo halisi nao upo, lakini si kama mnavyodhania. Niliuchota uani, nikaukaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka ukakauka kabisa na wadudu wakafa, nikauchekecha kwa chujio la chai, kisha nikaushikiza kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji nusu kwa nusu. Ulipokauka ukawa mweusi kama kahawa. Ndivyo udongo unavyofanya ukinywa gundi, na hapo ndipo mtu huanza kulalamika kwamba udongo wa kweli hauonekani wa kweli. Haumdanganyi mtu, ila umbo lake ndilo ulilolihitaji, na rangi lazima uirudishe mwenyewe. Nilianza na kahawia iliyoiva, nikafuatisha nyekundu ya matofali kwa brashi kavu, ile inayofutwa kwenye kitambaa hadi ibakize rangi kidogo tu ya kugusa vilele, kisha rangi ya tope la manjano kwenye kingo zinazoelekea juu. Upande wa ukarabati niliuacha bila hatua hiyo ya mwisho, ubaki na unyevu wake.

Nyasi ni kamba ya katani iliyofumuliwa, ikakatwa milimita 10 hadi 15, ikasimamishwa kwenye vitundu vilivyotobolewa kwa keekee ya mkono. Majani makavu yaliyolala chini ya kichuguu ni majani ya chai. Chai yetu nyingi hukatwakatwa kiwandani, na ikishachemka mabaki yake hufunguka na kuwa vipande vya milimita 1 au 2, ambavyo kwa hesabu yetu ya 24 ni majani ya mti kamili, hata mishipa yake inaonekana. Yakaushwe sana juani, vinginevyo yataota ukungu chini ya gundi. Nyumbani kwangu sasa chujio la chai halitupwi kitu bila mimi kuulizwa, na mke wangu amelikubali hilo kwa uvumilivu ambao sitaujaribu zaidi.

Ardhi ikiwa tayari, nikamrudia zimwi, na hapo mtaona kwa nini nilianza chini. Kwanza nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana vipande vya rezini hutoka kwenye kalibu na mafuta yanayokataa rangi. Mishono ya kalibu niliikwangua kwa mgongo wa kisu na kumalizia kwa msasa uliolowa. Vumbi la rezini si la kuvuta puani, kwa hiyo vaeni barakoa na lowesheni. Katika unyayo wa kulia nilitoboa tundu la milimita 1 na kuchomeka waya wa shaba, kisha nikamjaribu juu ya kichuguu. Kisigino kilielea. Badala ya kumkata mguu, nilikikwangua kichuguu mpaka kikampokea, na nafuu hiyo nisingekuwa nayo kama ningekuwa nimeshampaka rangi.

Mafundi wengi huanza kwa kupuliza nyeusi mwili mzima, kisha nyeupe kutoka utosini, ili kijisanamu kijioneshe chenyewe mahali pa mwanga na mahali pa kivuli. Kwa wenzetu wa Ulaya huu ni uongo wenye manufaa, kwa sababu kwao jua halifiki utosini kamwe. Sisi tuko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini ya ikweta, na mwezi Machi na mwezi Septemba jua la saa sita linasimama wima juu ya jiji hili. Tokeni nje wakati huo mmtazame askari wa barabarani: paji la uso, ncha ya pua na mabega yamewaka, macho yamezama gizani, na chini ya kidevu pamepata wekundu usiotoka juu. Wekundu huo unatoka ardhini. Mwanga umegonga udongo na kurudi.

Hilo la mwisho ndilo lililoniondolea usingizi. Zimwi wangu wa kwanza alikuwa na vivuli vya kijani kilichochanganywa na nyeusi, naye akaonekana kama mtu aliyepakwa masizi. Safari hii, kivuli cha kijani nilikifanya kwa kuongeza zambarau, na sehemu zote zinazotazama chini, yaani chini ya taya, chini ya mikono, ndani ya mapaja, nilizipitishia utando mwembamba wa ile ile nyekundu ya matofali niliyoipaka kichuguu, iliyozimuliwa mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Utando mmoja hauonekani. Wa tatu unaanza kuonekana. Nilipitisha sita, kila mmoja ukisubiri uliotangulia ukauke, na ghafla zimwi akawa amesimama pale kweli. Rangi hizi za akriliki hukauka maji yanapotoka, na Januari ya Nairobi huyatoa kabla hujageuza shingo, kwa hiyo wekeni rangi zenu juu ya karatasi ya kuokea iliyotandazwa kwenye sponji yenye maji, ndani ya kibati chenye kifuniko. Zitakaa laini hadi kesho yake.

Macho nitayapitia haraka, ingawa najua ndiyo mliyoyasubiri. Jicho la mtu lenye upana wa milimita 30 hapa linakuwa kidogo zaidi ya milimita 1. Lipakeni mapema, kabla ya uso, ili kosa lifunikwe na rangi ya ngozi bila majuto. Msitumie nyeupe safi. Mboni zielekee upande mmoja, zote mbili mahali pamoja. Wangu anatazama kushoto chini, pale penye ukarabati mpya, kama aliyehisi kwamba kuna kitu kimetoka. Brashi isiwe ndogo mno, kwa maana brashi ya nywele chache hukauka kabla haijafika. Namba 1 yenye ncha nzuri inatosha.

Baada ya kumgundisha ndipo nilipomwunganisha na ardhi kwa mara ya mwisho: vumbi la rangi ya kichuguu kwenye nyayo, vifundo na pindo la nguo, likififia kadiri linavyopanda, na alama ya kiganja chekundu kwenye fimbo mahali anapoishika. Kibuyu sikukigusa. Anayebeba dawa hutunza kibuyu chake.

Vanishi isiyong’aa niliipuliza mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikinyesha, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya harufu. Msinicheke. Unyevu uliingia, na ndani ya dakika chache uso mzima ukafunikwa na ukungu mweupe, kazi ya wiki tano. Nilikaa chini. Asubuhi yake nilimpaka vanishi ya kung’aa kwa brashi, tabaka moja jepesi, na sehemu kubwa ya ukungu ikapotea. Iliyobaki kwenye bega la kulia niliipaka upya, na ukiiangalia kwa karibu utaona bega hilo lina kijani kilichochangamka kuliko la kushoto. Nilisubiri mpaka Julai, siku moja kavu, ndipo nikaipuliza tena ile isiyong’aa.

Taa ile niliyoileta imewekwa juu yake kwa makusudi, kwa hiyo naomba msiisogeze. Mnaweza kumzunguka, na mnaweza kumnyanyua mkitaka kuona chini ya taya, lakini mshikeni kwa ile mbao ya mvule na wala si kwa fimbo, na nyasi za upande wa nyuma mziache kabisa, kwa sababu nilizichomeka jana usiku na gundi yake bado haijakauka.